Kantoniye Aliyetaka Kuombwa

Sina desturi ya kusifu wazee kwa sababu tu wamezeeka. Wengi niliowajua walikuwa wabishi tangu ujana, wakaendelea na ubishi wao, na mvi zilipoota tukaanza kuuita ubishi huo hekima. Kwa hiyo nikisema kwamba mwaka huu nimemkumbuka Kantoniye kuliko ninavyomkumbuka marehemu baba yangu, mtu asidhani ninamchongea sanamu. Alinuka tumbaku. Alicheza kisoro, bao letu la huku, kwa wizi wa waziwazi, mkono mmoja ukigawa kete na mwingine ukizifagia chini ya goti, na ukimkamata alikutazama kana kwamba wewe ndiye mwizi. Alimnyima binti yake mambo ambayo hakuna atakayemrudishia.

Kilichotukutanisha kwa mara ya mwisho ni mguu wake wa kulia, uliooza kwa ugonjwa wa sukari kuanzia kidoleni. Madaktari walitaka kuukata, yeye hakutaka. Suala lilikuwa hilo tu: aishi bila mguu au afe nao. Na aliyekuwa akikosa usingizi kuliko mgonjwa ni huyo huyo binti. Nitafika huko. Kwanza nieleze alikuwa mtu wa namna gani, kwa sababu asiyemjua atadhani ni mzee mwingine tu aliyeogopa kisu.

Kantoniye, neno la Kifaransa lililogeuka jina lake, ni mtu wa kutunza barabara. Anapewa kipande chake, anafyeka kando, anazibua mitaro, anajaza mashimo udongo na kokoto mvua ikishapita. Kazi hiyo aliifanya Kongo miaka mingi, akaendelea nayo aliporudi huku kwetu Rusizi, ng'ambo hii ya mto, na kipande chake kilikuwa kwenye barabara iteremkayo kutoka Nyakabuye kuelekea Bugarama, kuanzia kona iliyo juu ya shule yetu hadi kwenye daraja dogo. Mshahara ulipokwisha kwa sababu ya umri, hakuacha. Asubuhi nikienda kufundisha nilimkuta ameinama mtaroni na koleo lake, buti za mpira miguuni, minibasi zikimpigia honi na yeye hainui kichwa. Nilipomuuliza nani anamlipa, alisema maji hayajui kama yeye amestaafu.

Hakutumwa na mtu. Hapo ndipo ukaidi wake wote ulipokaa.

Kila mwisho wa mwezi tunatoka kwa umuganda, kijiji kizima na majembe yake, kufanya kazi ya pamoja. Kantoniye alikuwa wa kwanza kufika. Alifika, akalaza jembe chini, akakalia mpini. Mwaka fulani tuliletewa kiongozi mpya wa seli, ile ngazi ya serikali iliyo juu ya kijiji, kijana msafi aliyetoka chuoni, na kipaza sauti mkononi. Akatangaza kila mtu aanze. Kila mtu akaanza isipokuwa mmoja. Kijana akamsogelea.

"Mzee, hukusikia?"

"Nimesikia. We kijana, unaniomba ao unanituma?"

"Mzee, ni umuganda. Ni ya wote."

"Najua ni ya bote. Mi nauliza: unaniomba ao unanituma?"

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Mama mmoja muuza ndizi akapiga kelele kutoka mtaroni: "Umuombe tu, Chef, ju tusikawie!" Watu wakacheka. Kijana akatazama huku na huku, akashusha kipaza sauti, akasema, "Mzee, nakuomba utusaidie." Kantoniye akasimama, akatema mate mikononi, akachimba mpaka vijana wakaona aibu kupumzika.

Tangu hapo tukazoea. Kumwomba Kantoniye ikawa sehemu ya umuganda kama vile kuhesabu majembe. Lakini siku moja kijana yule yule alimwomba vizuri sana, kwa adabu zote, na mzee akajibu, "Leo nakataa." Tulishusha majembe. Wote tulijua kwamba asiyefanya umuganda anaweza kutozwa faini. Kijana akasema, "Sawa, Mzee." Kantoniye akaenda zake nyumbani. Kabla hatujamaliza kusafisha kisima tukamwona anarudi na jembe begani. Akaniambia pembeni kwamba alitaka kuona kama inakatalika. Ombi lisilokatalika, kwake, lilikuwa amri iliyopakwa mafuta.

Mimi ninafundisha historia na Kiswahili. Nililelewa Bukavu, kwa hiyo Kiswahili changu cha nyumbani ni kile cha kwetu cha Kivu, kama cha Kantoniye, chenye njo badala ya ndiyo, ju badala ya kwa sababu, na mais ya Kifaransa badala ya lakini, na hiki ninachoandika ni cha darasani. Wanafunzi wananicheka ninapokasirika kwa sababu hapo ndipo cha nyumbani kinapotoka. Kila mwaka ninafika kwenye sura ile ya kitabu: sababu zilizofanya makoloni yadai uhuru. Kodi, kazi za shuruti, ardhi kunyang'anywa, askari waliorudi kutoka vita vya wazungu na macho yaliyofunguka, wasomi wachache walioanza kuandika. Ni sababu za kweli. Sipendi walimu wanaokidharau kitabu ili waonekane wana akili. Lakini nilimwona kila mwanafunzi anazinakili kama anayenakili bei za sokoni, nikachoka, nikaenda kumwomba Kantoniye aje kuzungumza nao. Nilimwomba, narudia. Alinifanya nimwombe mara tatu, mbweha yule, huku akinishinda kisoro kwa wizi.

Alikuja na kofia mkononi, akakataa kiti. Akaanza kwa kuwasifu Wabelgiji waliotutawala, jambo lililoniweka roho juu, kwa sababu mkaguzi wa elimu angeweza kupita wakati wowote.

"Mitaro yao ilikuwa muzuri," akasema. "Mutu asibadanganye. Balijua maji. Na balileta sindano ya batoto. Mi sikatalake."

Kisha akaeleza kahawa. Kila mwanaume alilazimishwa kupanda miche, na chini ya kila mche kutandikwa majani mazito ili udongo usikauke. Majani hayo ndiyo waliyokuwa wakilalia. Bwana Shamba, yule mzungu wa kilimo, alipita kukagua, na ambaye kahawa yake ilikuwa wazi chini alilazwa kifudifudi barabarani akapigwa kiboko mbele ya wanawe. Kwa hiyo kina mama walitoa majani kitandani, wakayapeleka shambani. "Kahawa ilikuwa inalala muzuri kupita sisi," akasema, na darasa likacheka kidogo, halafu likaacha.

"Lakini haiko ile fimbo njo ilinitoa roho," akaendelea. "Fimbo, hata machifu yetu balikuwaka nayo. Ngoja nibaambie."

Akawaambia habari ya siku moja ya mvua, wakati barabara ile ile ya kwetu ilipokuwa ikichimbwa. Yeye alikuwa kijana tayari, anabeba mawe pamoja na baba yake.

"Mutaro ilikuwa imejaa maji, na juu yake balikuwa batiya mbao moja ya kuvukia. Bwana Shamba alikuwa na imbwa, nyeupe, ya masikio murefu. Imbwa ikaogopa mbao. Njo muzungu akapiga magoti mu matope, na ile suruali yake ya kupigwa pasi. Akaanza kuiomba. 'Viens, viens, ma belle,' kuya, murembo yangu. Akaitolea biskuti. Imbwa ikakataa. Akaiomba tena. Ikakataa. Hakuipiga. Akaibeba mu mikono, akavuka nayo. Alafu akageuka, akatuangalia sisi, akasema: 'Allez!', njo kusema mwende. Baba yangu alikuwa na bidonda ku mugongo, bya kiboko ya jana yake. Akabeba jiwe, akavuka."

Akazungusha kofia mkononi.

"Mi nikasema mu roho yangu: kumbe mu hii inchi iko kiumbe moja yenye inaombwaka, na yenye inaweza kataa. Na haiko baba yangu."

Kijana mmoja wa dawati la mbele, ambaye anapenda kila kitu kiwe na jibu, akauliza, "Kwa hiyo mlitaka uhuru kwa sababu ya mbwa?"

"Ee. Andika vile."

Darasa likaangua kicheko na mimi nikacheka nao, ingawa nilijua mtihani wa taifa hauna alama za mbwa. Msichana wa nyuma hakucheka. Alinyoosha mkono akauliza kama sasa hatutumwi, kama bima ya afya, kuvaa viatu na kuchimba vyoo, mambo tunayolazimishwa leo, si amri pia. Nikatazama mlangoni. Kantoniye alimgeukia.

"We umeuliza hilo swali mbele ya mwalimu, na utarudi nyumbani kula. Baba yangu hangeuliza. Anzia pale," akasema. "Usiishie pale. Mais anzia pale."

Sikumwalika tena mwaka uliofuata. Mwaka mwingine nikamwalika.

Kuhusu uhuru wenyewe, siku ulipofika, hakupenda kuzungumza. Wazee wengine wa hapa wana hadithi tamu za bendera, yeye hakuwa nayo hata moja. Alichonisimulia, kwa vipande, tena akiwa ameinamia mtaro ili asinitazame, ni kwamba moshi wa nyumba zilizochomwa na majirani ulionekana juu ya milima kabla ya bendera kupanda, na kwamba nyumba ya kwao ilikuwa mojawapo. Yule kapita aliyekuwa akiwaita watu kazini kwa filimbi, mtu mweusi mwenzao aliyeshika kiboko kwa niaba ya mzungu, ndiye aliyekuja kuwa mkubwa wa wilaya. "Filimbi ni ile ile," alisema. "Midomo njo ilibadilika." Yeye na wa kwao wakavuka mto Rusizi usiku usiku, wakaingia Kongo, wakafanya kazi kwenye mashamba ya kwinini, na huko nako wakakuta bendera mpya na makapita wa zamani. Aliporudi ng'ambo hii alikuwa ana mvi.

Niliwahi kumuuliza kama basi ilistahili. Kama angejua moshi unakuja, angeutaka uhuru ule?

Alinikasirikia. Alisema swali langu ni la mtu anayeuliza kama mtu azaliwe, kwa kuwa atakufa. Kisha akazibua mtaro kwa nguvu isiyohitajika, na baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba baba yake alikufa kabla ya vyote hivyo, akiwa hajaombwa kitu hata siku moja maishani, na kwamba jambo hilo linamuuma kuliko nyumba iliyoungua. Nilimwamini. Ninamwamini bado.

Sasa ingia nyumbani kwake uone.

Mtu huyu aliyeomba mbuzi wake wasogee, aliyebisha hodi kwenye banda la kuku kabla ya kuchukua yai, aliyewaomba watoto wa shule ruhusa ya kupita katikati ya mpira wao, nyumbani alikuwa sajini. Mke wake sikumkuta, alikuwa ameshafariki, lakini majirani walisema marehemu alijifunza kutambua aina za kikohozi: kikohozi hiki ni maji, kile ni sahani, kile ni nyamaza. Binti alirithi vikohozi. Mzee hakumwita kwa jina, wala hakumwita mama kama akina baba wengine wanavyowaita binti zao. Alimwita "We!" Na binti alikuja.

Binti huyo anafanya kazi Bugarama, kwenye mashine ya mchele, anapepeta na kuchagua mawe. Ni mwanamke wa makamo sasa, mpole kupita kiasi, mwenye kikohozi cha vumbi la pumba. Alipokuwa msichana, mkulima mmoja wa mpunga wa kule bondeni, Mwislamu, kijana mwenye shamba lake na sifa nzuri, alimpenda, akatuma wazee wake. Walifika wakiwa wamevaa kanzu zilizonyooshwa, wakakaribishwa viti, wakatoa maneno yao. Kantoniye alisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja la Kinyarwanda, "Oya," yaani hapana, akasimama kuashiria kwamba mazungumzo yamekwisha.

Mimi nilidhani kilichomuuma binti ni kile kukataliwa kwa mchumba. Siku aliyonisimulia tulikuwa tumekaa kwenye kibaraza cha mashine, ungo magotini mwake, na alinisahihisha bila kuinua macho.

"Madame, haiko ju alikataa. Baba anaweza kataa. Ni ju hakuniuliza. Mi nilikuwa mu jikoni, nasikia yote, sawa vile sufuria inasikiaka. Angeniuliza, pengine hata mi ningesema oya. Sijui. Njo kintu inaniuma, sitajua."

Hakuolewa. Kaka yake mkubwa alibaki Bukavu na biashara zake, yeye akabaki na baba.

Nilirudi nyumbani siku ile nikiwa nimewaka. Jioni nikaenda kwa Kantoniye, tukaketi na ubao wa kisoro, na alipofagia kete za kwanza chini ya goti nikamwambia, "Mzee, wewe ndiye Mbelgiji wa nyumba hii." Nikamwambia mbwa wa mzungu aliombwa kuliko binti yake. Nilimwambia na mengine ambayo mtoto wa watu hamwambii mzee, na sijutii hata moja. Akakusanya kete zote, zangu na zake, akaingia ndani na ubao, akanifungia mlango. Hakunisemesha msimu mzima wa maharage. Nikipita barabarani anageukia mgomba.

Kisha siku moja akanisimamisha.

"Madame, uliniita Mbelgiji."

"Nilikuita."

"Mbelgiji alijengaka mutaro muzuri."

"Na wewe unajenga mitaro mizuri, Mzee."

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika, na mimi nikacheka, na urafiki ukarudi. Lakini nyumbani kwake hakikubadilika kitu. Jioni ile ile nilisikia "We!" kutoka kwenye ua, na sufuria ikigongana na nyingine kwa haraka.

Lingekuwa jambo rahisi kama asingempenda. Siku za mvua, binti akiwa anarudi kutoka bondeni, mzee alitembea mpaka njia panda minibasi zinaposhusha abiria, akasimama na mwavuli. Binti akishuka, alimwambia, "Umekawia," akamkabidhi mwavuli, akatangulia yeye mbele akilowa. Hawakutembea pamoja chini ya mwavuli ule hata mara moja. Niliwaona mara nyingi, mmoja mkavu nyuma, mmoja chepechepe mbele, wanapanda mlima kimya, na kila mara nilitaka kulia na kupiga mtu.

Mguu ulianza na jiwe dogo lililoingia kwenye buti. Mwenye sukari hasikii jiwe. Alipovua buti kidole kilikuwa cheusi, akakifunga kitambaa, akarudi mtaroni. Binti alipoona, alipiga magoti kumsihi aende hospitali, naye akakohoa kile kikohozi cha nyamaza. Akaenda mwenyewe siku alipoanguka barabarani, au tuseme alipelekwa, juu ya machela ya fimbo, na vijana wa umuganda ambao hakuwa na nguvu ya kuwauliza kama wanamwomba.

Binti alinipigia simu shuleni wakati wa mapumziko. Sauti ilikuwa haina machozi, na hilo liliniogopesha. Alisema daktari anasema uozo unapanda, ukipita goti basi. Alisema Papa, yaani baba yake, amejifunika shuka usoni na hasemi. Nikawaachia wanafunzi zoezi, nikadandia pikipiki.

Wodi ilikuwa imejaa, wagonjwa vitandani na wauguzaji wao sakafuni, na harufu ya mguu ule ilinifikia mlangoni. Binti alikuwa ukumbini na simu sikioni. Kaka yake alikuwa anazungumza kutoka Bukavu kwa sauti kubwa kiasi kwamba nilisikia bila kutaka: angoje tu, mzee atapoteza fahamu kwa homa, halafu yeye dada aweke saini, wamkate, nani atajua?

"Mi nitajua," binti akasema, akakata simu.

Daktari alikuwa kijana, macho mekundu kwa uchovu. Nilimuuliza alimwambiaje mzee. Akasema alimwambia ukweli, kwamba lazima wakate na hakuna njia nyingine. Nikamuuliza, "Ulimwomba?" Akanitazama kama mtu anayetaka kunifukuza, akasema uozo haungoji adabu. Nikamweleza kwa ufupi habari za mzee, za kuomba na kutuma. Sijui ni nini kilimgusa, labda naye alikuwa na babu. Akaingia, akavuta kistuli, akaketi chini kuliko kitanda, akamwambia mzee habari yote tangu mwanzo, halafu akasema, "Mzee, ninakuomba uniruhusu nikate mguu."

Shuka likashuka. Alikuwa amekonda, macho yamekuwa makubwa.

"Na nikikataa?"

"Ukikataa nitakupa dawa ya maumivu na utaenda nyumbani. Utakufa, Mzee. Nadhani ni wiki hii."

"Umeniomba muzuri. Merci, dokteri. Nakataa."

Nilitamani kumzaba kofi. Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu ilipanda mpaka mgonjwa wa pili akageuka. Akasema amechoka, na mguu ni wake. Hakuwa na sababu nyingine na hakuona kwamba anahitaji nyingine. Daktari aliinamisha kichwa, akasimama. Nikaona kwamba mambo yamekwisha, kwamba tumemwomba kwa haki na amekataa kwa haki, na kwamba huo ndio uhuru wenyewe, huu mguu unaonuka.

Lakini mtu asiyeweza kusimama haendi nyumbani peke yake. Sijui lini jambo hilo lilimwingia Kantoniye akilini. Alikuwa anamtazama binti yake, aliyesimama miguuni pa kitanda anakunja kitenge, anakikunjua, anakikunja tena. Alimtazama kwa muda mrefu kama mtu anayesoma kibao cha barabara katika nchi ngeni.

"Mama," akasema.

Binti akageuka nyuma kuona nani anaitwa.

"Mama, ni we. Ni we utanibeba, ni we utanifuta, na hii harufu italala na we mu nyumba. Mi naomba unipeleke, nikufe kule. Unakubali ao unakataa?"

Mimi nina tabia mbaya ya mwalimu, mwanafunzi akichelewa kujibu namfungulia neno la kwanza, lakini hapo nilijiuma mdomo. Binti akaweka kitenge kitandani.

"Nakataa, Papa."

"Unasema?"

"Nakataa. Siwezi kukupeleka ukufe mbele yangu, na dawa iko hapa. Umeniuliza. Nakataa."

Mzee alifungua mdomo. Ninajua uso ule, niliuona miaka mingi uani kwake: ile "We!" ilikuwa imeshafika mlangoni mwa meno. Nilisubiri itoke. Mishipa ya shingo ilimsimama, mkono ukakamata ukingo wa kitanda, na kwa kitambo fulani alikuwa Bwana Shamba mzima mzima. Kisha akaimeza. Ilimchukua muda kuimeza.

"Kumbe njo vile basikiaka," akasema.

"Nani, Papa?"

"Bale bazungu. Siku tulibaambia basi." Alitaka kucheka, lakini machozi yalikuwa yameshaanza kuteremkia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. "Inauma, mama. Inauma kabisa."

Akamgeukia daktari, akamwambia akate.

Walipomsukuma kumwingiza chumba cha upasuaji, binti alinishika mkono kule ukumbini, vidole vya baridi. Aliniuliza, "Madame, nimemutuma?" Nikamwambia hapana, amekuuliza, umemjibu. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, lakini hakuniachia mkono mpaka mlango ule ulipofunguliwa tena.

Hakurudi nyumbani. Alikaa siku chache baada ya kukatwa, homa haikushuka, damu ilikuwa imeshaharibika. Alikufa asubuhi binti akiwa ametoka kufua nguo zake bombani.

Kwenye matanga, ua ulijaa. Madereva wa minibasi walikuja, kijana wa seli alikuja, wakulima wa mpunga walipanda kutoka bondeni, Wakristo na Waislamu, wakaketi kwenye mikeka. Kaka alifika kutoka Bukavu na suti nyeusi, akasikia habari ya hospitali kwa mtu fulani, na katikati ya watu wote akasimama akamnyooshea dada yake kidole. Alisema baba aliomba kufia nyumbani kwake na huyu akamnyima, wakamkata bure, akafa kilema kati ya wageni. Alisema, "We njo ulimuua."

Watu wakatazama mikeka yao. Binti alikuwa anapita na sinia la chai. Aliliweka chini polepole, na nilidhani atakimbilia jikoni, kwa sababu mbele ya wanaume sijawahi kumsikia akisema zaidi ya karibu.

"Ni kweli ni mi nilikataa," akasema. "Pengine nilikosa. Mais aliniuliza mimi. We hakukuuliza."

Akainua sinia, akaendelea kugawa chai kuanzia alipoachia. Chai ikamwagikia kwenye visahani, na alipofika kwa kaka yake akampa kikombe chake kama wengine, akangoja mpaka akakipokea.